Nilitumwa kuhesabu kijiji karibu na Butembo, nikafuta kila Kambale wa pili

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Kila nikikaribia mwisho najiuliza: atatokea mtu aseme najisifu? Atatokea mtu wa kule anitambue? Leo nimeuacha ulivyo. Jina la kijiji na majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote niliyaona kwa macho yangu, na anayekijua kile kilima atajua sijaongeza chumvi.

Mimi ni kijana wa Butembo, commune ya Vulamba. Chuoni nilisoma mambo ya idadi ya watu: nani anazaliwa, nani anahama, nani anabaki. Baada ya diplome nikakaa nyumbani, namsaidia mama kuuza mafuta ya mawese na kungoja simu.

Ni vizuri mjue pia kwamba mimi ni mtu wa kuwaza sana. Mtu akinisalimia kwa sauti ya chini, siku nzima natafuta nilimkosea nini.

Simu ikaja. Asosiasiyo moja ndogo, sitaitaja, inajenga posti za afya milimani. Walikuwa na uwezo wa kujenga posti moja, na kijiji kimoja nitakachokiita Kyalumba kilikuwa kimeomba. Sharti lilikuwa kwamba kijiji kiwe na watu wa kutosha. Kisipofika kiwango, kinahesabiwa kuwa sehemu ya kijiji cha bondeni, ambacho tayari kina centre de santé, yaani kituo cha afya, na posti inapelekwa kwingine.

Kazi yangu ilikuwa kupanda, kuhesabu na kuleta data. Basi.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Baadaye nikaanza kuwaza: nikikosea je?

Pikipiki inakufikisha mahali, halafu unamalizia kwa miguu. Kyalumba iko mgongoni mwa kilima. Kuna mashamba ya maharagi na poireaux, vile vitunguu vya majani, nyumba za udongo, na kanisa moja la Kiprotestanti lenye bati linalong'aa kuliko kitu kingine chochote pale. Baridi yake si ya mchezo.

Kapita, yaani mkuu wa kijiji, alinipokea. Hakunionyesha kanisa, wala mashamba. Alinionyesha kipoyi kilichotundikwa ukutani kwake, kile kiti cha mianzi kinachobebwa na wanaume wanne. Mama akishikwa na uchungu, anashushwa nacho hadi bondeni. Mvua ikinyesha njia inakuwa kama sabuni, na chini kuna mto wenye daraja la miti.

Akaniambia, "Tunashukaka na mama, tunapandaka na mama na mutoto. Siku ingine tulipanda na mutoto tu."

Tangu hapo nilijua ninachohesabu ni nini.

Sasa wakuu, kabla sijaendelea, kwa wale wasio wa kwetu lazima nieleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa ujinga wangu.

Kwetu Wanande, mtoto hapewi jina kwa kupenda tu. Jina linafuata zamu ya kuzaliwa kwa mama yake. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku au Mumbere. Wa pili ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka. Wa nne ni Kakule, kama mimi. Wasichana nao wana mfuatano wao, anaanza Masika. Ndiyo maana Butembo ukiita "Kambale" sokoni, nusu ya wanaume wanageuka.

Maana yake ni kwamba mama mmoja hawezi kuwa na Kambale wawili. Haiwezekani. Ni kama kuwa na vidole gumba viwili kwenye mkono mmoja.

Nilianza asubuhi, nyumba kwa nyumba. Watu wazima wengi walikuwa shambani, ila kila nyumba ilimwacha mtu wa kunijibu kwa sababu kapita alishawaambia. Niliuliza: watu wa nyumba hii ni nani, na nani analala hapa? Mama wa nyumba anataja. Pembeni watoto wamenizunguka, kila mmoja anapiga kelele jina lake ili naye aandikwe.

Niliandika majina ya watoto kwanza, halafu nikayalinganisha na yale aliyoyataja mama wa nyumba.

Na hapo ndipo nilipojiona mtaalamu. Nyumba moja nimeandika Kambale wawili, mama ametaja mmoja. Nikacheka moyoni. Mtoto wa jirani huyu, amekuja kucheza, atahesabiwa kwao. Nikafuta. Nyumba ya mbele Masika wawili. Nikafuta mmoja. Nyumba nyingine Mumbere wawili. Nikafuta mmoja, tena kwa kujiamini kabisa.

Nilisema moyoni kwamba mtu wa mbali angeingia huu mtego, mimi hapana.

Kitu kimoja kilinisumbua kidogo. Vijana wa kiume walikuwa wachache, hilo nililitegemea. Wengi wako Butembo kwenye pikipiki, wengine wameenda upande wa Beni kwenye kakao. Waliobaki ni akina mama, bibi na watoto. Lakini watoto uwanjani walikuwa wengi mno kwa idadi ya akina mama walionijibu. Nikajitungia maelezo ya chuoni: uzazi mkubwa, watoto wanalelewa na bibi zao, na kadhalika. Maelezo mazuri. Yote ya uongo.

Jioni nikajumlisha. Hatukufika kiwango.

Tena hatukupungukiwa na wengi. Ingekuwa wengi ningelala vizuri. Tulipungukiwa kidogo tu, kiasi cha nyumba chache.

Nilimwambia kapita. Alikuna kidevu, halafu akasema kwa upole kwamba batoto ba Kyalumba walioko Butembo nao ni batu ba Kyalumba, siku wakifa wanaletwa kuzikwa hapa, donc kwa nini nisiwaandike?

Wakuu, naomba mnielewe. Mzee huyu hakuwa mwizi. Alikuwa anafikiria kile kiti cha mianzi. Na mimi nilikuwa nakifikiria. Lakini nilijua bureau ya asosiasiyo kule Butembo itatuma mtu mwingine kuhakikisha, na akikuta nyumba zina majina bila watu, Kyalumba haitapata kitu tena, si mwaka huu wala mwaka ujao. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Sawa, mwana wangu," na hiyo "mwana wangu" iliniumiza kuliko kama angenitukana.

Walikuwa wamenipangia kulala kwa Tata Paluku, mzee wa kanisa, na mke wake Mama Katungu. Tata Paluku ni mtu mpole, mrefu, anaongea kama anasoma matangazo. Mama Katungu ni kinyume chake.

Chakula kikaiva: bugali ya muhogo, sombe (ndiyo kisamvu) na maharagi. Mama Katungu akasimama mlangoni akaita, "Kambale!"

Wakaja wawili.

Walikuja mbio, wakanawa mikono, wakakaa, wakaanza kula. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Nikatazama sura zao. Hawafanani. Nikahesabu vichwa karibu na sahani, nikaona vimezidi vile nilivyoandika asubuhi. Basi akili yangu, badala ya kwenda kwenye njia rahisi, ikaenda kwenye njia mbaya. Kambale wawili ni mama wawili. Mama wawili ni bibi wawili, yaani wake wawili. Mzee wa kanisa!

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimepungukiwa na watu, na hapa walikuwepo watu.

Nikasema, "Tata, munisamehe sana. Hii batoto yote ni ya mama mumoja?"

Tata Paluku akaacha tonge njiani. "Juu ya nini unauliza?"

"Juu ya kuko Kambale babili."

Mama Katungu akanitazama, akamtazama mumewe, akaweka sahani chini taratibu.

"Tata Paluku," akasema, "bibi wa pili umemuficha wapi? Umulete basi, anisaidie kulima. Miye mugongo inaniuma."

Tata Paluku akakohoa hadi akapewa maji. Watoto wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nilitamani kurudi Butembo usiku huo kwa miguu.

Mama Katungu alipomaliza kucheka alipangusa macho akanieleza. Yule Kambale mwingine ni mtoto wa Mama Kavira. Ni wageni wao. Walikimbia vita upande wa Mabalako, mama, bwana wake na watoto, wakafika na godoro moja na mbuzi mmoja. Wanalala katika nyumba ya nyuma.

Nikauliza tangu lini.

"Tangu maharagi ya mwaka jana."

Mwaka mzima na zaidi! Nikauliza mbona asubuhi hakuniambia. Akanishangaa mimi.

Tata Paluku ndiye aliyejibu. "Uliuliza batu ya nyumba hii. Bale ni bageni. Mugeni hapana kumuhesabu. Ukimuhesabu, atasikia unamuhesabia matonge. Kesho atafunga mizigo."

Wakuu, masikio yangu yalipata moto.

Nilikumbuka Masika wawili. Nikakumbuka Mumbere wawili. Kila mahali nilipofuta kwa kujiamini, nilifuta mtoto wa wageni, na pamoja naye mama yake na baba yake ambao mchana walikuwa mashambani wakilimia watu. Mtu wa Kinshasa asiyejua majina yetu angeandika Kambale wawili bila kuuliza swali, na angekuwa sawa. Mimi nilikosea kwa sababu nilijua.

Wakati huo Mama Kavira akaingia na kuni kichwani. Mwanamke mwembamba, mimba yake kubwa imeshaonekana. Mama Katungu akamweleza kwa kifupi, akiongeza ile ya bibi wa pili, wakacheka tena wote wawili. Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia, sasa mama, naomba nikuandike, wewe na watu wako. Posti ikijengwa ni yako pia, hasa wewe.

Kicheko kikaisha.

"Hapana," akasema. "Miye niko mutu wa Mabalako. Kule niko na nyumba na shamba ya kakao. Mukiniandika mutu wa hapa, kesho mutu atasimama kule aseme Kavira alishahama, shamba haiko na mwenyewe."

Nilitaka kumwapia kwamba haitatokea. Nikashindwa. Hesabu yetu haikuhusu mashamba hata kidogo, mais mimi ni nani wa kuapa kuhusu watakachosema watu wa mbali? Nilimwambia nilichokijua tu: kwamba nitaandika analala Kyalumba, na kwao ni Mabalako. Yote mawili. Kwamba kulala mahali si kuhama.

Akauliza, "Na siku nitarudia kwetu?"

"Watakuondoa huku, watakuandika kule."

Akafikiri. Kisha akasema jambo ambalo hata mimi na kuwaza kwangu sikuwa nimelifikia. "Hata kama miye nakubali, nitajiandikisha aje ku nyumba ya mutu? Mama Katungu hawezi kunihesabu. Na miye siwezi kujitia mwenyewe ku nyumba yake. Itakuwa kama nimeikamata."

Yaani nyumba nzima ilitaka kitu kimoja, na adabu ilikuwa imekaa katikati.

Mama Katungu akaanza kukusanya sahani. Akasema bila hata kututazama, "Siye hatuwezi kuhesabu mugeni. Lakini mugeni akijisema yeye mwenyewe, nani atamukataza? Siku ya Mungu bageni banasimamaka."

Kwa wasiojua: makanisani kwetu, Jumapili wakati wa matangazo, wageni wanaombwa kusimama, wanataja jina na wanakotoka, watu wanapiga makofi, wanakaribishwa. Unasimama mara moja tu, siku ya kwanza. Ukija tena husimami, kwa sababu umeshajulikana.

Tata Paluku akasema, "Lakini bale balishasimama tangu zamani."

"Basimame tena," akasema Mama Katungu. "Kwani bamekuwa benyeji? Si unasema ni bageni?"

Mzee wa kanisa akaitikia kwa kichwa.

Ilibidi ningoje Jumapili. Sitawaficha, siku hizo niliteseka. Je, ni halali kuhesabu watu kanisani? Je, wakiaibika? Je, asiposimama mtu? Nilizunguka tena zile nyumba nilizofuta watoto, nikasalimia tu, sikuuliza mtu. Familia chache za Kikatoliki, zinazosali kwenye kapela ya upande wa pili wa kilima, nilizifuata pembeni, na bibi mmoja alinisikiliza hadi mwisho akasema wageni wake watajisema wenyewe wakitaka, yeye anaenda kuchota maji. Akatuacha pamoja. Wakajisema.

Jumapili kanisa lilijaa. Korali iliimba, sadaka ikapita, mahubiri yakawa marefu kama kawaida. Halafu Tata Paluku akasimama mbele na sauti yake ya matangazo.

"Bageni basimame, batusalimiye. Na bale balisimamaka zamani, kama bado banalala kwetu na kwao ni kwingine, leo basimame tena. Hakuna mutu anabafukuza. Tunataka tu kubaona."

Hakuna aliyesimama.

Nilitazama sakafu. Nilihesabu mishono ya kiatu changu. Nikawaza nitakavyoandika ripoti, nitakavyomwambia kapita, nitakavyorudi kuuza mawese.

Nikasikia benchi likilia. Mama Kavira amesimama.

"Bwana asifiwe," akasema. Watu wakaitika. "Naitwa Kavira. Kwetu ni upande ya Mabalako. Tunalala kwa Mama Katungu. Tuko miye na bwana yangu, na Mumbere, na Kambale, na Masika." Akaweka mkono tumboni. "Na huyu hajapata jina."

Mama Katungu alikuwa amekaa pembeni yake, anatazama mbele kama mtu asiyehusika.

Makofi. Kabla hayajaisha, mwanaume mmoja nyuma akasimama na watoto wake. Halafu bibi kizee. Halafu benchi zima la wasichana. Nikasikia ngoma imenyamaza, nikageuka: mpiga ngoma amesimama. Katika korali wakasimama karibu nusu, na yule dada aliyekuwa anatuimbisha tangu asubuhi, ambaye ningeapa alizaliwa Kyalumba, akasema kwao ni mbali kupita wote.

Wenyeji wakaanza kutazamana. Nafikiri hata wao hawakujua. Kila nyumba ilijua wageni wake, ikanyamaza kwa adabu, na hakuna aliyewahi kuwaona wote kwa pamoja wakiwa wamesimama.

Baada ya ibada walijiandikisha kwangu nje kwenye majani, mmoja mmoja, wenyewe. Analala wapi, kwao wapi. Mama Kavira aliponikaribia aliuliza kama yule wa tumboni anaandikwa. Nikamwambia bado, huyo atakuja kujisema mwenyewe kwa sauti yake. Akacheka.

Kiwango tulikifika, tukakipita.

Butembo, coordonnateur, mkuu wangu kwenye asosiasiyo, aliniuliza kwa nini hesabu ya kwanza na ya pili zinapishana hivi. Nilimweleza yote, pamoja na Kambale. Hakucheka. Akatuma mtu mwingine akahakikishe, kama nilivyojua. Nikakaa nyumbani nikiwaza kila kosa linalowezekana, hadi mama yangu akaniambia niende nikawaze huko nje, namharibia wateja.

Majibu yakaja: Kyalumba imekubaliwa.

Posti ilijengwa na watu wenyewe kwa mawe ya mtoni na mbao, asosiasiyo ikaleta bati, kitanda na muuguzi. Nilipanda siku moja kutazama. Foleni ya kupokezana mawe ilikuwa ndefu, na nilijaribu, kwa tabia yangu, kutofautisha mwenyeji na mgeni. Sikuweza.

Mama Kavira hakuzalia pale. Mtoto alifika kabla bati halijafika. Walimshusha bondeni kukiwa kukavu, akarudi na mtoto wa kiume, Kasereka, mzima kabisa. Wa kwanza kujifungulia kwenye posti alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa Mama Katungu. Aliyemshika mkono ni Mama Kavira.

Na mwisho upande wao kukatulia kidogo, baadhi ya familia zikaanza kurudi. Si wote, na si bila hofu. Siku familia ya Mama Kavira inafunga mizigo nilikuwepo kwa bahati. Mimi tayari nilishaanza kuwaza: wakiondoka hawa, hesabu inashuka, na kiwango je? Nafikiri alinisoma usoni.

Akaniambia, "Kakule, sasa unitoshe ku hesabu ya huku, uende uniandike kwetu. Lakini nyumba ya bamama, ile posti, muiache. Ile tuliihesabia bote."

Mama Katungu alimfungia mihogo, akambebea Kasereka mgongoni hadi pale pikipiki zinapoanzia.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo na si cha chuoni. Unaweza kuijua desturi ya watu wako vizuri hadi ikakuzuia kuwaona. Na watu wakikujibu vibaya, mara nyingi si uongo. Wanamlinda mtu. Badala ya kuwabana, watafutie namna ya kukujibu ambayo haimwaibishi yeyote.

Coordonnateur amenipa kijiji kingine. Nimeshaanza kuwaza, bila shaka.

Basi nanyi nielezeni, hasa mnaotoka vijijini: kwenu mgeni anaacha kuwa mgeni lini? Na anayemwambia ni nani, mwenye nyumba au yeye mwenyewe? Nawasoma wote, hata wa kunicheka. Wasingya, yaani asanteni.